Kokoto za Alunguli

Alunguli haijawahi kung'aa kama wiki ile. Zuberi, chefu wetu wa mtaa, alisikia kwamba muuguzi Ndaya angevuka mto kutoka hospitali kuja kupima hatari ya ukimwi, sida kama tunavyouita. Akafanya kama afanyavyo kila anapokuja mkubwa wa serikali: akatutoa sote kwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tufyeke majani na kufagia barabara, kisha akafunga nganda zote za pombe. Yangu ilikuwa ya kwanza. Mimi Katungu, ambaye wanywaji wananiita Mado, nilichemka kwa hasira.

Nilikuwa na sababu. Mdogo wangu Emerance, niliyemwita kutoka Butembo aje kunisaidia kuuza, aliupata ugonjwa huo. Kila akizidiwa namvusha mto kwa mtumbwi hadi hospitali, jua au mvua, akitapika njia nzima. Huko Ndaya alituambia waziwazi kwamba dawa ya kuponya hakuna, lakini kuhara na homa vinatibika, na mtaa utakaoonekana una hatari kubwa ndio utakaopewa kituo chenye muuguzi, mafunzo na kondomu. Sisi tukawa tunafagia ili tukikose.

Siku ilipofika, Ndaya alichora mtaa kwa kijiti kwenye uwanja wa shule: mto, soko, kanisa, msikiti, barabara ya Kalima. Akaomba kila mtu aweke kokoto pale watu wanapokutana usiku na kupata wapenzi. Watu wakampigia kwanza makofi ya mpangilio, kama wanavyompigia mjumbe wa chama, halafu kokoto zote zikaenda kanisani na msikitini. Ungetazama, ungedhani Alunguli watoto wanapatikana kwa sala tu.

Ndaya akashusha pumzi, akasema kwa hali hiyo kituo kitakwenda mtaa wa Mikelenge.

Nikaokota jiwe kubwa kama ngumi, nikaliweka pembeni mwa barabara ya Kalima.

"Citoyenne, hapa ndiyo kwangu," nikamwambia Ndaya. "Madereva wa Kalima wanashukia kwangu, na bibi za kuwapokea wako kwangu. Mutoto wa mama yangu alipatia ugonjwa kwangu. Iko pale anakaa, mumuangalie."

Zuberi akaniambia ninauchafua mtaa. Kabla sijamjibu, Emerance aliinuka polepole, akaja kuweka kokoto yake kando ya jiwe langu. Nilitamani kulia. Akafuata Jeannette, muuza samaki, akaweka yake kwenye nganda ya pili, akisema mumewe anaijua vizuri. Hapo watu wakaangua kicheko, wakaanza kuhamisha kokoto zao. Kanisani ikabaki moja tu, ya katekista Constantin, na baada ya kufikiri kidogo naye akairudia, akaihamisha.

Ndaya alikuwa anatabasamu sasa. Akauliza kituo kikija kiwekwe wapi. Constantin akapendekeza karibu na ofisi ya chefu, kwa heshima.

Zuberi alilitazama lile rundo la kokoto.

"Hapana," akasema. "Muweke karibu na kwa Mado. Njia ya pale kila mutu anaijua, hata mimi."

Emerance alicheka mpaka akaniegemea. Alikuwa mwepesi mno begani mwangu, na moyo uliniuma, lakini nilicheka naye. Kituo kilipofunguliwa alikwenda kutibiwa kwa miguu yake. Ule mto hatukuuvuka tena.