Kijiti cha Rahila

Tamima alisomea ualimu Dublin, na mwaka 1983 alikuwa akisomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana ya Ibra, Oman. Siku moja alimwona Rahila, mtoto aliyeletwa na wazee wake kutoka Mwanza, akitandikwa bakora kwa kuomba maji kwa Kiswahili badala ya Kiarabu. Akaingia ofisini kwa mkuu wa skuli, Bi Ghalia.

"Huko Ayalandi wameshapiga marufuku bakora skuli tangu mwaka jana," alisema. "Na wao walipitia mengi. Zamani sheria ya Waingereza iliwakataza Wakatoliki kusomesha, watoto wakafundishwa vichakani kwa kujificha. Zilipofunguliwa skuli za serikali zikaja na Kiingereza. Mtoto akivishwa kijiti shingoni. Kila akitamka neno la kwao kinatiwa alama, na jioni anapigwa kwa hesabu ya alama. Leo wengi wao lugha ya bibi zao hawaijui."

Bi Ghalia, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, alifunga mlango kwanza, ndipo akamjibu kwa Kiswahili.

"Na hicho kijiti kilifanya kazi?"

"Kilifanya. Hilo ndilo linalosikitisha."

"Basi, ahsante."

Kesho yake Rahila alivishwa kijiti cha mtende kilichofungwa uzi. Bi Ghalia aliongeza sheria yake mwenyewe: mwenye kijiti akimsikia mwengine akisema Kiswahili, amvishe yeye, na atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ndiye atakayepigwa. Wasichana waliokuwa wakicheza pamoja wakaanza kuviziana. Rahila, ambaye Kiarabu alikijua cha kuokoteza, akaacha kusema kabisa. Wenzake wakawa wanamfinya mpaka anapiga kelele, "Niacheni!" Kikarudi shingoni.

Tamima alikwenda nyumbani kwa kina Rahila alasiri. Rahila alikuwa nacho bado.

"Mimi ndiye niliyewaomba skuli aje nacho," alisema baba yake, Zahor. "Akisema neno hapa nyumbani, nampiga mwenyewe. Mwalimu, mimi ulimi huu wa Kiswahili umeninyima kazi. Yeye hautamnyima."

"Na mama yako atazungumza naye vipi?"

Zahor aligeuza uso uani.

Huko alikaa mama yake Zahor, Bi Umkulthum, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu na Kiarabu hakikupata kumkaa. Alisikia hatua za mjukuu wake.

"Rahila, njoo mwanangu. Mbona siku hizi huniamkii?"

Rahila alimtazama baba yake. Kisha akakimbia uani, akavua kijiti, akamvisha bibi yake.

Bi Umkulthum alikipapasa. "Umenitengenezea mkufu? Ahsante, mjukuu wangu."

Tamima aliwafuata, akanyoosha mkono akivue. Rahila akamuuma, akamng'ang'ania kwa meno, na alipoachia alipiga kelele kwa Kiarabu kilichonyooka: "Kasema yeye! Nimemsikia, kasema yeye! Si changu tena!"

Zahor alitoka mlangoni, uso umemkunjuka.

"Umemsikia, mwalimu?" alisema, naye kwa Kiarabu. "Hata hakukwama."

Bi Umkulthum hakufahamu neno hata moja, lakini alisikia furaha katika sauti ya mwanawe, naye akacheka.