Kunde za Madhabahuni

Harufu ya makande iliingia kanisani wakati Mchungaji Ezekieli ndiyo kwanza anafungua Biblia, na tangu hapo hakuna aliyemsikiliza vizuri. Wala usiwalaumu. Mtu ametoka huko njia ya Mkiwa kwa miguu, upepo wa mwezi wa saba unampiga vumbi usoni, tumboni ana kikombe cha chai ya rangi tu, halafu unamchemshia makande ya karanga chini ya dirisha na kumwambia atulie asikilize habari za manabii! Haiwezekani.

Severina naye aliisikia harufu ile, akabana midomo. Biashara hiyo ya chakula kanisani yeye alikuwa ameipinga hadharani, na kila mtu alijua.

Ilianzia kwenye kikao cha akina mama. Mwenyekiti wao ni Luciana, wifi yake Severina, dada wa mumewe Gerald wa tumbo moja. Mwanamke wa vitendo huyo, hana maneno mengi ya kuzunguka. Alisema baada ya ibada watauza chai, maandazi, makande, soda, na mezani wataweka sabuni na vitenge, ili kwaya ipate kinanda. Watu wakapiga makofi. Severina akasimama, na mwanzoni alisema jambo la maana kabisa. Alisema kuna watu humu ndani hata sadaka hawana, wanaleta mayai wameyafunga kwenye kona ya khanga. Hao tutawaweka wapi? Wakae pembeni wanuse sahani za wenzao? Alikuwa anamfikiria bibi Kristina, jirani yake, ambaye wenzake wakianza kununua soda njiani yeye hujifanya kiatu kimemuuma ili wamtangulie.

Angekaa hapo, yangeisha salama. Lakini Severina mdomo wake hauna breki. Luciana alicheka, akasema, "Wifi, hebu kaa chini. Wivu tu huo, kwa kuwa hukuchaguliwa." Basi Severina akapandwa na hasira, akasema mbele ya wote, "Haya, pikeni. Iko siku mtakula hicho chakula chenu na mtajuta."

Maneno yale yalitembea kijijini kabla hata yeye hajafika nyumbani kwake, na hakuna aliyeyasahau.

Sasa leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kwao huko mazao hupelekwa kanisani Jumamosi, yakapangwa mbele ya madhabahu: maboga, mtama, alizeti, na jogoo aliyefungwa miguu anayewika katikati ya sala. Ibada ikiisha hutolewa nje, yakanadiwa. Na mtu anayejiheshimu hatoi chakula, anatoa mbegu, ile nzuri kuliko zote alizonazo ndani. Wakulima huigombania mbegu iliyolala madhabahuni. Lakini kabla ya mnada, mwenye kutoa husimama kando ya kitu chake na kukitaja: hii ni mbegu ya kupanda, nimeitia dawa, isiingie kwenye chungu. Ndipo watu wanaanza kutaja bei. Wamefanya hivyo miaka yote, hakuna aliyewahi kudhurika.

Severina alikuwa ametoa kunde. Kikapu kimejaa hadi ukingoni, kunde nono, nyekundu, zinazong'aa. Alizichota kwenye debe ambalo Gerald alilichanganyia dawa yeye mwenyewe, si majivu kama zamani, maana mwaka jana wadudu walizitoboa mbegu zote, yeye na mkewe wakabaki kuomba kwa majirani. Safari hii alitumia dawa ya kupulizia vitunguu. Akazianika zikakauka, harufu ikapotea. Alhamisi, kabla hajapanda gari kwenda Mitundu kuuza vitunguu, alimwambia mkewe, "Debe hilo hata kuku asiliguse." Naye aliitikia, akaona amesikia.

Mchungaji alipokuwa anasoma, Severina akainua macho ili akitazame kikapu chake, aone kama kinapendeza kuliko vya wenzake. Binadamu ndivyo tulivyo. Kikapu kilikuwepo palepale, kati ya boga na jogoo. Ila kilikuwa kitupu.

Akadhani haoni vizuri. Akasogeza shingo. Kitupu kweli, mpaka kitako kinaonekana.

"Martha," alimnong'oneza jirani yake kwenye benchi. "Kikapu changu kimepatwa na nini?"

"Kipi? Aa, kile." Martha hakugeuza hata uso. "Asubuhi walipungukiwa kunde jikoni. Luciana akaja akazimimina zote. Anasema kitu cha kaka yake ni chake, na pesa ya mnada italipwa kwenye mauzo ya chakula."

Harufu iliyokuwa inawatia watu njaa sasa ilimjia Severina puani akatamani kutapika.

Ungesema, si asimame basi apige kelele? Ni rahisi ukiwa hupo. Yeye alisimama kichwani mwake mara kadhaa, na kila mara alisikia watakavyomjibu. Si ulisema tutajuta? Ulijuaje? Kumbe ulikuwa umeshapanga! Sumu kaileta mwenyewe, kaiweka mbele ya madhabahu, sasa anajifanya kutuokoa. Na neno lenyewe wasingelitamka kanisani, wangelitamka njiani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga: mchawi. Neno hilo likishakushika, hata wajukuu wako wanaitwa kwalo. Gerald hayupo wa kusema dawa niliweka mimi. Yuko Mitundu na vitunguu vyake.

Akaanza kujidanganya. Labda Luciana alizichanganya na nyingine nyingi. Labda waliziosha vizuri. Labda moto umeiua dawa, moto si unaua vitu? Labda mimi ndiye niliyekosea debe jana, maana kulikuwa na giza ndani. Ee Mungu, niwe nimekosea debe. Alikuwa anaomba kwa nguvu mpaka midomo ikawa inatikisika, na Martha akadhani ameguswa na neno, akampapasa mgongo.

Kwaya ikasimama kuimba. Wimbo wenyewe mrefu, una vipande vingi, na kila kipande wanakirudia. Severina akajiambia, wimbo huu ukiisha ninatoka. Kikaisha kipande, hakutoka. Wakarudia, akawa anaimba nao, macho kwenye kile kikapu.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanatolewa, kama kawaida, kabla ya watu wazima. Severina aliwaona wakipita kwa mstari, kila mmoja amefumbata sarafu yake. Wanakwenda kula kwanza. Luciana alikuwa ametangaza hivyo mwenyewe: watoto kwanza, wasisongwe na wakubwa.

Hakukumbuka kusimama. Alijikuta amekanyaga miguu ya Martha, amepita katikati ya kanisa mbele ya Mchungaji, khanga imedondoka, wala hakuirudia. Nyuma yake kwaya iliendelea kuimba, lakini watu wengi walikuwa wamegeuza shingo.

Jiko lilikuwa nyuma ya kanisa, chini ya turubai, mahali pasipo na upepo. Sufuria kubwa lilikuwa juu ya mafiga, Luciana amesimama kando yake, mwiko mkononi, uso unang'aa kwa moto na furaha. Watoto walikuwa wamepanga foleni na sahani za plastiki. Wa kwanza alikuwa ameshanyoosha sahani yake.

"Wifi, usipakue!" Severina alipiga kelele. "Usipakue! Hizo kunde zina dawa!"

Luciana alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Umeanza."

"Nakuapia. Ni mbegu. Gerald amezitia dawa ya vitunguu."

"Na wewe ukaleta sumu mbele za Mungu?"

"Nilileta mbegu! Ningetaja kwenye mnada, kama kawaida. Nani alikwambia uzipike?"

"Kwa hiyo kosa langu." Luciana alicheka, ila safari hii hakikuwa kicheko cha kweli. "Severina, nakujua. Tangu kikao kile hujalala. Leo watu wamekuja wengi, chakula kimenukia, ukaona hapana, lazima ukiharibu. Toka jikoni kwangu. Lete sahani, mwanangu."

Mwiko ulizama, ukatoka umejaa. Kando ya mafiga kulikuwa na karai la majivu waliyoyazoa asubuhi. Severina alilinyanyua kwa mikono miwili akalimimina lote ndani ya sufuria. Vumbi la kijivu likawafunika wote wawili. Kisha akaupiga ule mwiko, makande yakaruka, na mengine yakamwangukia mkononi yakamuunguza.

Watoto wakaanza kulia, wengine kwa hofu na wengine kwa njaa. Hapohapo watu wazima wakawa wanatoka kanisani, maana nani angebaki ndani kwa kelele zile? Walichokiona ni sufuria la kanisa limejaa majivu na Severina amesimama pembeni yake anahema.

"Si nilisema?" mmoja alisema nyuma. "Alituahidi huyu."

"Shetani kabisa. Mbele ya watoto!"

Mchungaji Ezekieli alipenya katikati yao. Ni kijana, mgeni bado, na hakujua amshike nani. "Mama Severina, tafadhali. Nini hiki?"

Severina akaeleza. Alieleza vibaya, alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akamtaja Gerald, akalitaja debe. Aliona kwenye macho yao kwamba hakuna kinachoingia. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, na alijua, na hakuweza kunyamaza. Kisha wazo likamjia lililomkata maneno katikati. Akamgeukia Luciana.

"Wifi. Uliyaonja?"

"Nini?"

"Chumvi. Uliyaonja?"

"Mpishi gani haonji chakula chake?" Luciana alisema kwa ukali. Lakini alikuwa amejifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akajifuta tena, na mate yalikuwa bado yanamtoka. Jasho lilimtiririka shingoni kwenye baridi ile. "Mlipokuwa mnaimba. Nikaongeza chumvi, nikaonja tena. Maji ya kuoshea yalikuwa meupe, nikadhani ni vumbi tu la..."

Hakumaliza. Alishika mti wa turubai, ukainama naye, akatapika miguuni mwa Mchungaji.

Hapo hakuna aliyesema tena neno shetani. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake akampanua mdomo kwa vidole, na mara akina mama wote wakawa wanafanya hivyo, wanauliza, umekula? Niambie ukweli, umekula? Hakuna mtoto aliyekuwa amekula. Severina alisikia jibu hilo likirudiwa kila upande, na bado hakuna aliyemtazama kwa wema. Waliokuwa wamemwona mwongo sasa walimwona kitu kingine, na walimpisha njia kwa kusogea mbali.

Pikipiki ililetwa. Luciana hakuweza kukaa mwenyewe, na Severina akapanda nyuma yake, akamkumbatia kiunoni mpaka zahanati. Njia nzima alikuwa anahesabu pumzi za wifi yake mgongoni, na kila moja ikichelewa, alimtikisa.

Muuguzi aliuliza ni dawa gani. Severina akampigia Gerald, simu ikaita, ikakatika, ikaita tena. Gerald alipopokea, kwanza alianza kusimulia bei ya vitunguu. Alipoelewa, sauti yake ikawa ya mtoto. Akaitaja ile dawa mara mbili, kisha akauliza, "Atapona? Sevi, dada yangu atapona?" Severina akampa muuguzi simu.

Wakamchoma sindano, wakamwekea dripu. Luciana aliendelea kutapika, na Severina ndiye aliyeshika beseni, kwa mkono ule mwingine usioungua. Jioni ndipo jasho likakauka, na muuguzi akasema, "Alikula kidogo. Angekula sahani nzima, au angekuwa mtoto, tungekuwa tunazungumza mengine." Akaondoka na beseni lake.

Wakabaki wawili. Luciana alikuwa amefumba macho. Severina akadhani amelala.

"Wifi," Luciana alisema. "Ulijua saa ngapi?"

Severina angeweza kusema, nilipojua tu nikakimbia. Hakuna ambaye angebisha. Martha mwenyewe alidhani alikuwa anaomba.

"Kabla ya kwaya kuimba," alisema. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nilijua, nikakaa. Niliogopa watasema nimewaloga. Wewe umeonja mimi nikiwa nimekaa, naimba. Nisamehe, wifi. Niliogopa watu kuliko nilivyokuogopea wewe."

Nje, ndugu waliokuja kumjulia hali walikuwa wanaongea chini chini, na jina la Severina lilisikika mara moja, kisha wakanyamaza.

"Na ungekuja mapema nisingekuamini," Luciana alisema hatimaye. "Ningekula sahani nzima mbele yako, nikukomeshe." Akageuza kichwa taratibu, akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na huruma. "Jumapili ijayo nitapika tena. Usinibishie, sina nguvu. Na bibi yako Kristina atapakuliwa bure, yeye na wenzake, ili unyamaze."

"Sawa."

"Wewe utakaa na mimi jikoni. Chakula kikiiva, utaonja wewe kwanza. Watu wote wakiona."

Severina alitazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Nitaonja," alisema.