Sukari ya Alfajiri ya Mzee Ndelilio

Mzee Ndelilio alikuwa na kisukari, na kila asubuhi kipimo kilionyesha sukari yake iko juu kuliko alivyolala nayo. Mkewe, Priska, aliona sababu moja tu: mzee anaiba chakula usingizini.

"Baba Rachel, sema tu ukweli. Ni ndizi au ni asali?"

"Sijala kitu, mama. Nilikula mchicha wako nikalala."

Priska akalifunga jiko kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Sukari ikapanda. Akamwaga majivu sakafuni apate nyayo za mwizi. Akapata za kuku. Kuku akachinjwa, na sukari ikapanda vilevile.

Ndelilio alichoka kuitwa mwizi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akamwomba jirani yake Gidioni, mzee wa kanisa, aje alale chumbani mwao awe shahidi. Gidioni akaja na blanketi na Biblia. Kulipokucha alitoa ushahidi wake akiwa amesimama wima, kama yuko mbele ya usharika.

"Hakuamka. Hakula. Amekoroma tu. Ila alfajiri alikuwa anatafuna."

Priska akaruka. "Anatafuna nini?"

"Hewa."

Ndelilio akainamisha kichwa. "Nilikuwa naota harusi."

"Na ukala?"

"Waliniletea pilau. Ningekataaje mbele ya wakwe?"

Basi kosa likawa la ndoto. Gidioni akaomba kwa bidii Mungu amwepushe mzee na harusi. Ndelilio akaota msiba, na huko nako walikuwa wamepika.

Ikabidi wote watatu washuke mjini, kliniki. Muuguzi Violet aliwapa shikamoo, akasikiliza yote, kuku na pilau, bila kucheka, ingawa aliinama kwa muda mrefu kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

"Babu haibi," akasema. "Kunapokaribia kucha mwili hujiandaa kuamka, na ini hutoa akiba yake ya sukari. Mwenye kisukari hana insulini ya kutosha kuishusha. Inapanda hata kama hajala."

"Kumbe ini ndilo linamlisha!" Priska alilitazama tumbo la mumewe kwa hasira, kisha akamshika mkono. "Nisamehe, Baba Rachel."

Daktari alimbadilishia muda wa dawa ya jioni, akamwambia apunguze wanga usiku na atembee kidogo baada ya kula.

Walipokuwa wanaaga, Violet akamgeukia Gidioni. "Na wewe babu, umewahi kupima?"

"Mimi ni shahidi tu."

Akachomwa kidole. Violet alitazama kipimo, akapima tena.

Gidioni alipanda mlima akiwa nyuma ya wote. Walipofika njiapanda ya kwake, Ndelilio hakumwacha. Aliingia naye ndani, akakaa pembeni yake wakati Gidioni akimweleza mkewe kuwa sukari yake nayo iko juu.

Siku hizi sukari ya Ndelilio ya asubuhi imetulia. Ya Gidioni inashuka polepole. Jioni hutembea pamoja hadi kwenye mfereji, Ndelilio mbele, akimhimiza mwenzake aongeze mwendo.