Simu Iliyokataa Laini

"Imeikataa laini tena," alisema Bi Ulfat, akivua viatu mlangoni. Aliketi mkekani taratibu, magoti yake yakilalamika. "Msabah fundi anasema simu yako haina ubaya wowote, shoga. Imefungwa huko huko Maskati. Kampuni iliyoiuza inataka laini zake tu, mpaka itoe namba za kuifungulia."

Bi Rasha hakuinua macho. Kofia ilikuwa mapajani, na sindano ilizunguka kitobo kimoja, ikikikaza kwa uzi mweupe kabla ya kwenda kingine. Alikuwa edani, kipindi anachokaa ndani mwanamke akifiwa na mumewe au akiachwa. Tangu mumewe azikwe hajavuka kizingiti cha nyumba yao ya Malindi. Simu ya marehemu, ndiyo pekee waliyokuwa nayo, shemeji yake aliiweka pamoja na saa na bakora mpaka mirathi igawiwe. Kwa hiyo akitaka kuzungumza na mwanawe Sumaiya, aliyeolewa Maskati, huazima ya Bi Ulfat, jirani wa mlango kwa mlango.

Bi Ulfat hajawahi kununa. Humbonyezea namba, humwekea sauti kubwa kwa kuwa sikio moja la mwenzake ni zito, kisha huketi papo hapo akichagua mchele kama asiyesikia.

Na kila mara Sumaiya huuliza, "Nani yuko hapo, mama?"

"Mimi na Bi Ulfat tu."

"Basi nzuri, mama. Alhamdulillahi. Sisi wazima."

Sauti ya nzuri ile ilikuwa nyembamba. Bi Rasha aliijua tangu mtoto akiwa mdogo, alipokuwa akianguka ngazini na kusema hakuumia. Halafu ikaja simu hii kwa msafiri, imefungwa ndani ya mtandio, na maneno ya mdomo: "Mwambie mama atie laini yake mwenyewe. Nna mazungumzo naye."

"Hizo namba nani wa kuziomba?" aliuliza sasa.

"Alonunua. Lazima yeye mwenyewe."

"Nipigie Sumaiya."

Bi Ulfat akabonyeza, akauvuta ungo wake wa mchele. Simu ikaita kwa muda, kisha ikapokewa.

"Mwanangu, simu hii kanunua nani?"

"Zahran, mama. Zamani."

"Basi mwambie mumeo aziombe namba za kuifungulia. Huku haikubali laini."

"Siwezi kumwambia, mama."

"Kasafiri?"

"Yupo."

Vidole vya Bi Ulfat vilisimama ndani ya mchele.

"Mwambie mie mkwewe ndiye nnayemwomba," alisema Bi Rasha, na kwa kutaka kumchekesha akaongeza, "Mwambie kofia yake ya Idi imebaki upande mmoja. Asiponisaidia ntampa muuza kahawa."

Sumaiya hakucheka. "Ntampelekea ujumbe," alisema mwishowe, na simu ikakatika.

Mume na mke, ujumbe wa nini? Sindano ilimchoma Bi Rasha kidoleni. Alikiweka kidole mdomoni ili damu isiguse kitambaa cheupe.

Bi Ulfat alikusanya ungo wake. "Nnakwenda, nimeacha jiko linawaka," alisema, ingawa asubuhi ile ile alikuwa amelalamika kwamba gesi imemwishia. Alimgusa mwenzake begani, akatoka.

Alhamisi baada ya Alasiri, hodi ilipigwa. Alikuwa Msabah. Alisikia magoti ya Bi Ulfat yamemzidi, akafunga kibanda chake na kuileta simu mwenyewe. Aliketi ukumbini, na Bi Rasha akaketi nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Rasha."

"Marahaba, mwanangu. Umejisumbua."

"Sikujisumbua. Mkweo kazileta namba kwa simu ya Bi Ulfat. Kaandika na salamu: mwambie mama asihangaike." Msabah akakohoa kidogo. "Nizitie mie, au nikusomee? Lakini zikikosewa mara nyingi, simu hujifunga moja kwa moja."

Mama. Bado anamwita mama. "Nisomee," alisema Bi Rasha. "Kaziomba kwa ajili yangu."

Simu ikapita chini ya pazia. Msabah alisoma namba moja, akangoja, akasoma nyingine. Bi Rasha alizibonyeza kama anavyoshona, haendi mbele mpaka ya nyuma imekaa sawa. Ya mwisho ilipoingia, kioo kikawa cheusi, naye akazuia pumzi. Halafu jina la mtandao wa nyumbani likatokea juu, dogo, pembeni.

"Limetoka jina?"

"Limetoka. Mungu akulipe kheri."

"Niombee dua tu." Aliondoka, akauvuta mlango polepole mpaka ukajifunga.

Bi Rasha alibonyeza namba ya Sumaiya, moja moja, akaiweka simu kwenye sikio lake zima.

"Mama? Nani yuko hapo?"

"Hapana mtu. Na mlango umefungwa."

Alisikia pumzi ikishuka, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo kichwani.

"Na mie nimo edani, mama."

Uchochoroni mtu alipita akisukuma baiskeli. Bi Rasha aliitazama kofia mapajani, upande mmoja umekaza, upande mwingine vitobo bado viko wazi na uzi unaning'inia.

"Sema, mwanangu," alisema. "Nakusikiliza."

Sumaiya akaanza kusema. Mkono wa mama yake uliipapasa sindano, ukaipata, ukatulia nayo juu ya kitobo kilichofuata.