Dada Zubeida Hakuketi

Sharti niliweka mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, tena nimeshiba. Nasema mapema ili mtu asidhani nilirogwa.

Wiki ile dada yangu Zubeida alikuwa amemaliza eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya nyumba yake Mtopanga akimlia marehemu mumewe, hatoki nje ya mlango. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Kila jioni nikifunga duka langu Kisauni nilikwenda, nikafungua, nikaingia, nikamwekea mahitaji sebuleni, nikarudi. Na nilikwisha kuamua kwamba eda ikiisha atahamia kwangu. Mwanamke wa miaka hamsini na minne akae peke yake, na miguu imelala kwa kukaa? Haiwezekani.

"Sihami," akaniambia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu ni nani hapa, Ghanim? Mimi nalikubeba mgongoni."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kama ana nguvu hizo, basi apande kilima cha Nguu Tatu, kisha ateremke mpaka Kisauni, asiketi chini hata mara moja. Akiweza, sitamtajia tena habari ya kuhama. Akiketi, jioni ile ile afunge mizigo.

"Jumapili," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Jumapili tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mimi, yeye, na Nyevu, jirani yake wa Kigiriama aliyekuwa akimletea maziwa, awe shahidi. Nilivaa viatu vipya vya ngozi, maana niliona mambo yatakwisha kabla ya jua kuwaka. Zubeida alivaa makubadhi ya marehemu, akalikunja buibui lisiburure, akatangulia.

Tulipita mihogo na mikorosho, tukaingia vichakani, njia ikaanza kupanda. Kila penye kivuli nilisema, "Hapa pazuri." Yeye alisimama, akanywa maji, akaenda zake. Nilingoja pumzi zimwishie. Zilizoniishia ni zangu.

Kule juu upepo ulitupiga usoni. Bahari ya Bamburi ilikuwa yote mbele yetu, na mawimbi meupe yakikatika mwambani. Upande wa pili tuliona mkono wa bahari na mikoko yake, na mji wa Mombasa kisiwani, minara yake midogo ya kushikika kwa vidole viwili. Zubeida alisimama akatazama, machozi yakamtoka huku anacheka.

"Miaka thelathini nakaa chini ya kilima hiki," akasema. "Sikujua kwetu ni kuzuri hivi. Ghanim, waona?"

Sikuona kitu. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe navua kiatu.

"Keti tini, nduyangu," akasema kwa upole uliozidi kuniudhi. "Sharti si lako."

Kuteremka ndiko kulikonimaliza. Malengelenge yalipasuka, nikavibeba viatu mkononi, na Nyevu akawa ananiondolea miiba njiani kama mtoto. Tulifika Kisauni alasiri, tukasimama mbele ya hoteli iliyo karibu na duka langu, ambapo wanaume walikuwa wakibishana habari za Mwambao, kama pwani ijitenge au isijitenge, na nani atamtawala nani. Nilitaka tuchukue chakula tukale nyumbani.

"Hapa ndipo Kisauni?" Zubeida akaniuliza, mlangoni.

"Ndipo."

"Basi naweza kuketi."

Akaingia, akakaa meza ya mbele, akaagiza mishikaki, mikate ya mofa na chai ya tangawizi ya watu watatu. Wanaume wakageuka kumtazama, kisha wakarudia Mwambao wao. Alikula kwa raha, hana haraka.

"Wallahi, niambie," nikamwuliza. "Nguvu hizi umezipata wapi?"

Nyevu akacheka mpaka akaweka kikombe. "Bwana, wewe hujafika uani kwake. Kutoka jikoni mpaka kisimani pana njia kama ya ng'ombe."

Kweli, miezi yote ile sikuwahi kupita sebule. Zubeida akatoa tasbihi yake. Kila asubuhi, akishamaliza nyiradi zake, alitembea uani, na kila akienda na kurudi alisogeza punje moja. Mwezi wa kwanza alimaliza tasbihi moja kwa siku. Mwezi wa mwisho alimaliza nne.

"Eda yakataza kutoka," akasema. "Kutembea haikatazi."

Nilishindwa, na sijapata kufurahi vile kwa kushindwa. Nikasimama peku mbele ya watu, nikawatangazia kwamba huyu ni dada yangu, na leo amepanda Nguu Tatu bila kuketi. Kisha nikautoa ufunguo mfukoni, nikauweka mbele yake.

Akaufunga kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili.

"Kesho njoo unywe chai kwangu," akasema.

"Inshallah."

"Na ukifika, piga hodi."