Sauti ya Pili Ikatangulia

Kwa miaka ishirini na miwili Damari aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao pale Kiomboi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia. Sauti ya kwanza ndiyo iliyobeba wimbo. Besi ilitikisa mabenchi. Yeye na wenzake watano walikaa katikati wakiimba so, so, so, la, so, mpaka wimbo unaisha. Mumewe Yeremia, mtu wa besi, alikuwa akimtania kwamba siku akipotea njiani, kwaya itagundua wakati wa kukusanya majoho.

Mwaka wa tisini na tano, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani ulivisikia tu, Damari alimshonea Bwana Bhanu, muuza redio wa Singida mjini, mapazia ya nyumba nzima. Wakakubaliana alipwe redio-kaseti mpya. Alipokwenda kuichukua, Bhanu akamwongezea boksi la kaseti nane.

"Zimekuja na mzigo wa Dubai," alisema. "Nimezipiga hapa dukani, wateja wakaondoka. Chukua, mama. Utarekodia mahubiri juu yake."

Yalikuwa masomo ya muziki wa Ulaya. Mwanamke wa Kiingereza alikuwa akipiga kipande, anakikatisha, anakieleza polepole. Kiingereza cha Damari kiliishia darasa la saba, kwa hiyo akamwomba Mwalimu Manase, kiongozi wa kwaya aliyestaafu kufundisha sekondari, amtafsirie. Kila Jumamosi mchana wakakaa barazani, redio juu ya kigoda, Yeremia akipukuchua alizeti pembeni na kujifanya hasikilizi.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya watawa wa kale, wote wakiimba sauti moja, bila kinanda.

"Hawa hawana sauti ya pili," Damari akasema.

"Bado, Mama Scola. Subiri miaka mia kadhaa."

Kwenye kaseti iliyofuata, mtawa mmoja akapanda juu kidogo ya wenzake, akabaki huko. Damari alihisi nywele za shingoni zikisimama. Maisha yake yote alidhani sauti ya pili ni mabaki, kama vipande vya kitambaa vinavyobaki gauni likishakatwa. Kumbe kuna watu walikaa wakaitafuta, wakaivumbua, wakagombana juu yake.

Tangu hapo hakutulia. Akagundua kwamba ukishusha nota moja tu kidogo, wimbo wa harusi unageuka wa matanga, akawa anawaimbia wateja wake yote mawili huku akiwapima viuno. Akajifunza dansi za kuhesabu tatu, mguu wake ukazihesabia kwenye pedali ya cherehani, na alipozinduka alikuwa ameshona mkono wa gauni la mtu ukazibika kabisa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kaseti ya tano ndiyo iliyomvuruga.

"Mtindo huu unaitwa fuga," Manase akasema.

"Kufuga nini?"

"Kwao maana yake ni kukimbia."

"Basi mifugo yao ina shida."

Lakini redio ilipoanza, akaisogelea. Sauti moja ilitoka peke yake na wimbo mfupi. Kabla haijafika mbali, nyingine ikaingia na wimbo uleule, ikiifukuza. Kisha ya tatu, kisha ya nne, na hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Aliyeitunga, Manase akaeleza, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Ujerumani, Mlutheri, baba wa watoto ishirini.

"Ishirini, na bado akapata nafasi ya kuandika," Damari akasema. "Mwalimu, sauti iliyotangulia ni ipi?"

Manase akarudisha kaseti, akasikiliza tena. "Ya pili."

Damari akasimama, akazunguka nyumba mara moja, akarudi. "Tunatunga ya kwetu."

Walitunga kwa wiki sita. Wimbo ulikuwa wa nota saba tu, maneno yake "Njooni, mavuno yamekuja." Mazoezini watu wa sauti ya tatu walipotea kila jioni, na Belinda, kiongozi wa sauti ya kwanza, aligoma siku tatu kwa sababu hajawahi kumsubiri mtu aanze.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno, Damari akaanza peke yake. Sauti ilianza chini, kisha ikaimarika. Wenzake wakaingia, Belinda akafuata. Mzee wa kanisa aliyekaa mbele akadhani wamekosea, akainuka nusu ili awasaidie. Hapo sauti ya tatu wakaingia mapema, wakawavuta besi, na fuga ikawa mbuzi waliotoka zizini: kila mtu anaimba "njooni" na hakuna anayekuja. Manase aliacha kuongoza. Walizunguka mara ya tatu, ya nne, bila mtu kujua pa kuishia.

Damari akakumbuka maneno ya yule mwanamke wa kaseti: besi ikishikilia nota moja ya chini bila kuiachia, zilizobaki zitarudi nyumbani zenyewe. Akamgeukia Yeremia, akamwonyesha kiganja kuelekea chini. Yeremia akaelewa, kumbe alikuwa akisikiliza siku zote zile. Akatua kwenye do, akaing'ang'ania kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Besi wote wakamfuata. Juu yake sauti zikaanza kutua moja moja, Belinda wa mwisho, mpaka kanisa zima likawa limejaa "yamekuja" moja, ndefu, imenyooka.

Mchungaji akavua miwani, akaifuta.

"Naomba mrudie," akasema.

Wakarudia, na safari hii waumini wakaingia nao kila mtu alipopenda. Damari alicheka kiasi kwamba mwanzo wake ulisikika nusu.

Baada ya ibada wakatoka kwenda kwenye mnada wa mavuno. Jogoo alipokuwa akinadiwa, Damari alisimama katikati ya watu, fuga bado inamzunguka kichwani, akiitikisia kichwa kila sauti inapoingia. Mnadi akauona ule mtikisiko, akauona tena, akagonga meza.

"Jogoo ni wa Mama Scola," akatangaza.

Damari akamkumbatia jogoo wake mwekundu, ambaye hakumhitaji hata kidogo, akaenda naye nyumbani akimfundisha sauti ya tatu.