Sega la Mzee Silasi

"Hilo sega la asali nalichukua," alisema Eustadia, na sahani ilikuwa tayari mkononi mwake.

Levina, binti yake, hakuinua kichwa. Brashi ilikuwa imelowa rangi ya udongo. Angesita, ukingo ungekauka na kuacha alama. Alikuwa anamalizia kiota cha ndege mnana. Kando yake, juu ya gunia, kulikuwa na unyoya wa kanga na ganda la mbegu ya mti wa mninga, lenye miiba katikati. Vyote vilitoka kwenye mkoba wa baba yake, ule ulioletwa nyumbani Ntalikwa siku aliyoanguka mtini akirina asali. Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti. Mkoba ulikuja nyuma yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ya kwanza ya rangi za maji bila mwalimu kumsimamia. Mama yake alikwisha kumwambia azitupe hizo takataka za porini, maana kila akizitazama zilimrudisha chini ya ule mti. Levina akaomba aongezewe siku moja, kisha nyingine. Sega alilibakiza mwisho kwa sababu alikuwa analiogopa: ule mwanga uliopita ndani ya asali hakujua aupateje.

"Mama, bado kidogo tu."

"Baba yako tangu jana hajatia kitu mdomoni. Sasa ametaka asali. Nimwambie asubiri picha?"

Levina aliweka brashi chini. Alilikata sega yeye mwenyewe, vipande vidogo vidogo, akaingia chumbani kumlisha baba yake. Mzee Silasi alitafuna polepole, nta akaitema kwenye kiganja cha binti yake. Kisha akataka aonyeshwe hiyo picha aliyowasikia wakiigombania.

Levina akaileta karatasi, akaishika mbele ya macho yake. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole akagusa katikati, palipobaki peupe.

"Hapa pana nini?"

"Sega, baba. Sikuwahi."

"Basi si neno. Nikirudi porini nitakuletea jingine."

Chini ya shuka, miguu yake ilikuwa imelala vilevile ilivyowekwa asubuhi. Eustadia aliinama na kitambaa, akampangusa asali kidevuni, na kidevu kilipokwisha kutakata, aliendelea kupangusa.